Zimebaki wiki tatu, na sakramu bado inanipiga chenga

Swali

Daktari, shikamoo.

Niko mwaka wa pili katika chuo cha tiba ya osteopathia hapa Marekani, yaani udaktari unaotumia pia mikono kutibu mifupa na misuli. Wiki tatu zijazo nina mtihani unaobeba mzigo wa mambo matatu kwa pamoja: mfumo wa uzazi, mfumo wa neva, na kanuni na mbinu za osteopathia. Nikitoka hapo nakabiliwa na maandalizi ya COMLEX Level 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya madaktari wa osteopathia.

Siyo kwamba sisomi. Madokezo nimeyapitia mara nne na nimeyapiga mistari ya rangi tatu. Nikisoma naelewa, ila nikifungua maswali naumbuka. Jaribio la mwisho nilipata 23 kati ya 44. Kwenye uzazi nawachanganya wale wasichana wasiopata hedhi: yupi ni XY, yupi ni XX. Kwenye neva, swali likitaja shina la ubongo naliruka. Kwenye osteopathia, sheria za Fryette, za jinsi pingili zinavyoinama na kugeuka, nazitaja bila kigugumizi, lakini sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, najibu kwa kubahatisha. Juzi niliulizwa hivi: kipimo cha kuinama mgonjwa akiwa ameketi ni chanya kulia, mtaro wa kulia wa sakramu una kina, kipimo cha mnesano (kubonyeza kuona kama mfupa unanesa) ni hasi. Nilijibu kulia juu ya kushoto, R/L, yaani sakramu imegeukia kulia kwenye mhimili wa kushoto. Nikakosa, na mpaka leo sijui kwa nini.

Wenzangu wanasema osteopathia ni ya kukariri usiku wa mwisho. Nianze na lipi, na kwa siku nifanye nini hasa?

Mwenye kalamu za rangi

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kalamu ziweke kando kwanza. Ukurasa uliousoma mara nne jicho linauzoea, nawe unadhani umeujua. Mtihani hauulizi kama uliwahi kuuona ukurasa huo. Unakuletea mwanamke wa miaka 34 ambaye hajaona siku zake kwa miezi 7, anajikwaa milangoni kwa sababu haoni pembeni, kisha unakuacha na kichwa chako. Kulitoa jibu kichwani ndiko hujakufanyia mazoezi.

Masomo yako matatu yana swali moja linalotangulia mengine yote: wapi? Katika uzazi, ni ngazi ipi iliyoharibika: haipothalamasi, pituitari, ovari au korodani, ama kiungo kinachopokea homoni? Katika neva, jeraha liko usawa gani na upande gani? Katika osteopathia, ni pingili ipi, nayo inakwenda kwa urahisi upande upi? Anayekimbilia "ugonjwa gani?" hunasa jina la kwanza linalofanana na dalili. Huyo mwanamke wetu haoni pembeni kwa macho yote mawili, kwa hiyo kinachobanwa ni makutano ya neva za macho, na kilicho chini yake ni pituitari. Uvimbe wa pituitari unaomwaga prolaktini (homoni ya maziwa) unazima GnRH, homoni ya haipothalamasi inayoiamsha pituitari; FSH na LH, homoni za pituitari zinazoamsha ovari na korodani, zinashuka, hedhi inakoma. Ukishajua mahali, jina linajileta.

Kwa uzazi, chora jedwali moja kwa mkono kwenye karatasi tupu. Mistari sita: Turner, Klinefelter, Kallmann, mwili usioitikia androjeni (homoni za kiume), kukosekana kwa mirija ya Müller (chanzo cha mji wa mimba), na upungufu wa kimeng'enya cha 5-alfa-redaktesi. Safu ziwe kromosomu, FSH na LH, homoni ya jinsi, mji wa mimba, matiti, na nywele za sehemu za siri. Mishale ya FSH usiikariri. Jiulize nani amenyamaza. Kwa Turner, 45,X, ovari hazifanyi kazi, estrojeni iko chini, pituitari haipati wa kuizuia na FSH inapanda. Klinefelter, 47,XXY, ni hadithi hiyohiyo kwa upande wa korodani. Kallmann ni kinyume chake: GnRH haitoki, kwa hiyo FSH, LH na homoni ya jinsi vyote viko chini. Tena hasikii harufu, maana seli za GnRH huanzia eneo la pua na kuhamia ubongoni zikifuata neva za harufu. Safari ikikwama, vyote viwili vinakosekana.

Sasa wale wawili wanaokuchanganya. Swali huwa limevaa nguo zilezile: msichana wa miaka 16 au 17, matiti yamekua, hedhi haijawahi kuja, mji wa mimba haupo. Usiangalie matiti, angalia nywele. Asiyeitikia androjeni ni 46,XY na ana korodani. Korodani zinatoa homoni ya kuzuia mirija ya Müller, ndiyo maana mji wa mimba haukuumbika. Zinatoa pia testosteroni nyingi, lakini mwili hauna kipokezi kinachofanya kazi, kwa hiyo nywele hazioti au ni chache mno. Testosteroni hiyo inageuzwa kuwa estrojeni, nayo ndiyo inayokuza matiti. Yule mwingine, aliyekosa mirija ya Müller, ni 46,XX mwenye ovari nzima: homoni zote ni za kawaida, nywele zipo, pengo ni mji wa mimba na sehemu ya juu ya uke tu. Upungufu wa 5-alfa-redaktesi unajitenga wenyewe: testosteroni ya kawaida, DHT (inayotengenezwa na kimeng'enya hicho kutoka kwa testosteroni) chini, sehemu za siri zisizoeleweka wakati wa kuzaliwa, halafu balehe inaleta sauti nzito na misuli bila matiti. Jedwali hili ukilichora mara tano kwa siku tano tofauti, litakaa.

Kwenye ujauzito, tarakimu ndizo zinazoulizwa. Shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, likipimwa mara mbili kwa tofauti ya saa 4, baada ya wiki 20, pamoja na protini ya miligramu 300 kwa saa 24 au uwiano wa protini na kreatinini wa 0.3, ni priklampsia, hatua inayotangulia kifafa cha mimba. Mtego ni mgonjwa asiye na protini: chembe sahani zilizo chini ya 100,000, kreatinini iliyozidi 1.1, vimeng'enya vya ini vilivyopanda mara mbili, maji kwenye mapafu, kichwa kisichosikia dawa au macho kuona maluweluwe, chochote kati ya hivyo kinatosha kuchukua nafasi ya protini. Ikifika 160/110 ni kali.

Dawa ya kuzuia na kutibu degedege la kifafa cha mimba ni magnesiamu salfeti: gramu 4 hadi 6 kwenye mshipa kwa takriban dakika 20, kisha gramu 1 hadi 2 kila saa. Ikizidi, kinachopotea kwanza ni rifleksi ya goti, kisha pumzi, kisha moyo. Ukikuta goti halirushi mguu, simamisha dawa na utoe kalsiamu glukoneti gramu 1 polepole. Umeona? Swali limeanzia wodi ya wazazi na kuishia na nyundo ya rifleksi.

Na hiyo nyundo ina hesabu rahisi kutoka chini kwenda juu: kifundo cha mguu S1–2, goti L3–4, mbele ya mkono wa juu C5–6, nyuma ya mkono wa juu C7–8 (C ni shingo, T kifua, L kiuno, S sakramu). Wengine huandika goti L2–4. Usigombane nao.

Uti wa mgongo una njia tatu za kujua, na la maana ni kila moja inavukia wapi. Safu za nyuma, zinazobeba mtetemo na hisia ya mkao wa viungo, huvuka kwenye medula, sehemu ya chini ya shina la ubongo. Njia ya mwendo nayo huvuka kwenye medula, chini kidogo. Njia ya maumivu na joto huvuka ndani ya uti wenyewe, ila nyuzi zake hupanda pingili moja au mbili kabla ya kufika upande wa pili. Ndiyo sababu uti ukikatwa nusu upande wa kulia, yaani Brown-Séquard, mguu wa kulia unakosa nguvu na hisia ya mkao, mguu wa kushoto unakosa maumivu na joto, na ganzi hiyo inaanza pingili moja au mbili chini ya jeraha. Wengi huichora kwenye usawa uleule, kisha wanashangaa jibu lao halimo kwenye machaguo. Tundu likitanuka katikati ya uti, zinazoumia kwanza ni nyuzi zinazovuka: maumivu na joto vinapotea mikono yote miwili na mabegani, kama mtu aliyevikwa shali, huku mguso ukibaki.

Shina la ubongo, ulilokuwa unaliruka, lina kanuni ya nne nne. Neva nne za mwisho, 9 hadi 12, ziko medula. Nne, 5 hadi 8, ziko ponsi, juu ya medula. Nne za kwanza ziko juu ya hapo, na kati yake 3 na 4 ndizo za ubongo wa kati. Viini vya mwendo vilivyo karibu na mstari wa kati ni vile vya neva zinazogawanya 12 bila baki, ukiacha 1 na 2: yaani 3, 4, 6 na 12. Katikati inapita pia njia ya mwendo na ile ya mtetemo na mkao. Pembeni inapita njia ya maumivu na joto ya mwili, kiini cha hisia za uso, njia ya kwenda serebela (ubongo mdogo), na ile ya simpathetiki, neva za kujiendesha zinazotanua mboni na kuinua kope.

Itumie. Mgonjwa sauti imekauka, anapaliwa na maji, uso wa kulia hausikii sindano, mwili wa kushoto hausikii sindano, kope la kulia limelegea na mboni ya kulia ni ndogo, akitembea anavutwa kulia. Uso upande mmoja na mwili upande mwingine: hilo ni shina la ubongo. Sauti na kumeza ni neva za 9 na 10: medula. Mikono na miguu ina nguvu, ulimi uko sawa: basi siyo katikati, ni pembeni. Upande ni wa uso, kulia. Medula ya pembeni kulia, ateri ya nyuma ya chini ya serebela au ateri ya uti iliyoizaa, na jina lake ni Wallenberg. Hatua nne, chini ya dakika moja. Ungekuta uso umepooza na sikio halisikii badala ya sauti kukauka, ungepanda hadi ponsi na ateri ya mbele ya chini ya serebela.

Uso wenyewe una mtego wake mdogo: paji likikunjana na mdomo umepinda, tatizo liko ubongoni. Paji nalo likilala, tatizo ni neva ya 7 yenyewe au kiini chake.

Dawa za kifafa zipitie haraka, ila simama zinapokutana na uzazi, maana watunga maswali wanapapenda. Fenitoini na karbamazepini huharakisha kazi ya ini na kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Estrojeni nayo inashusha kiwango cha lamotrijini. Valproeti huongeza hatari ya mgongo wazi kwa mtoto. Mwenye kipandauso kinachotanguliwa na maono ya mwanga hapewi vidonge vyenye estrojeni, kwa hofu ya kiharusi.

Ratiba. Asubuhi, dakika 20 za kuchora kutoka kichwani: jedwali la uzazi, shina la ubongo, ramani ya pingili, kwa zamu. Kisha maswali 40 kwa saa moja, saa ikikuangalia, bila daftari. Kisha saa mbili za kuyapitia, yakiwemo uliyopata, kwa sababu mengine umeyapata kwa bahati. Kila kosa liandike mistari miwili tu: kilichokuvuta kwenye jibu baya, na neno lililokuwa kwenye swali ambalo lingekugeuza. Mtu akiandika nusu ukurasa kwa kila kosa, siku ya tatu anaacha. Makosa hayo yarudie baada ya siku 1, 3 na 7. Wiki ya kwanza maswali yawe ya somo moja kwa siku. Kuanzia ya pili yachanganye yote, hata alama zikishuka, na zitashuka. Wiki ya tatu fanya seti mbili kwa siku. Siku mbili za mwisho usifungue kitu kipya.

Osteopathia uipe dakika 30 kila siku kuanzia kesho, na mikono iwe juu ya mgongo wa mtu. Hapo wenzako wamekupotosha. Kukariri usiku mmoja kunakupa maneno, lakini maswali yanakupa mgongo uliopinda na kukutaka uuone.

Ramani ya pingili ndiyo daraja la kurudi kwenye masomo yako mengine mawili. Simpathetiki ya moyo T1–5, mapafu T2–7, tumbo la juu T5–9, ovari na korodani T10–11, mji wa mimba T10–L2, kibofu T11–L2, tezi dume T12–L2. Parasimpathetiki ya fupanyonga ni S2–4. Orodha hutofautiana kwa pingili moja au mbili, kwa hiyo shika ya chuo chako. Uchungu wa hatua ya kwanza ya kujifungua husafiri T10 hadi L1, na wa hatua ya pili S2–4 kwa neva ya pudenda. Ukilijua hilo, mji wa mimba kwenye ramani hauhitaji kukaririwa tena.

Vituo vya Chapman, vinundu vya mwilini vinavyodaiwa kuonyesha kiungo cha ndani chenye tatizo, nikisema kweli, ushahidi wake ni mwembamba, lakini mtihani hauulizi imani yako. Shika vichache: kidole tumbo kwenye ncha ya ubavu wa 12 kulia, kibofu kuzunguka kitovu, utumbo mpana pembeni mwa paja.

Fryette unazitaja, sasa zitumie. Pingili ya T5, upande wake wa kulia umetokeza nyuma. Mgonjwa akiinama mbele pande mbili zinalingana, akinyooka nyuma tofauti inazidi. Jina hufuata uhuru (inakokwenda kwa urahisi), wala halifuati kizuizi (inakokataa): T5 imekunjwa mbele, imegeukia kulia, na kwa kuwa ni pingili moja isiyo katika hali ya kawaida, imeinamia kulia pia. Kundi la pingili katika hali ya kawaida lingeinama upande mmoja na kugeukia mwingine. Sheria hizo mbili ni za kifua na kiuno tu. Shingoni, C2 hadi C7 huinama na kugeuka upande mmoja, fuvu juu ya C1 ni kinyume, na C1 juu ya C2 hugeuka tu. Kuitibu T5 hiyo kwa mbinu ya nguvu ya misuli, ipeleke kwenye kizuizi: nyuma, kushoto, kushoto. Mgonjwa asukume taratibu kuelekea alikotoka kwa sekunde 3 hadi 5, alegee, uingie kwenye kizuizi kipya, mara 3 hadi 5. Wanaokosea husukuma wao badala ya mgonjwa. Kwa mbinu ya kulegeza sehemu inayouma ni kinyume: unampeleka kwenye raha hadi maumivu yapungue angalau kwa asilimia 70, unashika sekunde 90, kisha unamrudisha polepole bila yeye kusaidia. Msukumo wa haraka shingoni usiuchague kamwe kwa mwenye baridi yabisi ya rumatoidi au sindromu ya Down, kano zinazoshika C1 na C2 huenda zimelegea.

Turudi kwa sakramu yako. Kwanza hakikisha ni kipimo kipi. Cha kuinama akiwa ameketi kinahusu sakramu, cha akiwa amesimama kinahusu mfupa wa nyonga. Chako kilikuwa cha kuketi, chanya kulia. Sakramu ikiwa imejipinda, mhimili uko upande ulio kinyume na kipimo chanya, kwa hiyo mhimili ni wa kushoto. Hiyo ndiyo herufi ya pili, nayo uliipata. Ukateleza kwenye ya kwanza. Mtaro wa kulia una kina, maana yake upande wa kulia wa juu umeingia mbele, na uso wa sakramu umegeukia kushoto. Mnesano hasi, yaani mfupa unanesa ukiubonyeza, unathibitisha kwamba imejipinda kwenda mbele. Ni kushoto juu ya kushoto, L/L. Ili iwe R/L kama ulivyojibu, mtaro wa kulia ungekuwa hauna kina, na mnesano ungekuwa chanya: mfupa mgumu, umekataa.

Kabla hujaweka alama kwenye jibu, ipime kwa L5, pingili ya mwisho ya kiuno. Huinamia upande wa mhimili na kugeuka kinyume na sakramu, kwa hiyo kwa L/L lazima iwe imeinamia kushoto na kugeukia kulia. Swali likikupa L5 inayosema vingine, rudi kwenye mtaro, kwa sababu hapo ndipo uliposoma vibaya.